Daftari la Konde

Mie sijui sheria. Najua uji, najua muhogo wa nazi,
na najua nani amekula bila kulipa.
Kibanda changu kimeegemea uzio wa mabati
hapa Micheweni, inapojengwa hospitali ya wazazi,
na ardhi ya huku ukiichimba huwezi kuapa
kama chini ya jiwe kuna jiwe, au kuna pango.

Kabla ya hapa nilipikia Konde, skuli ya ghorofa.
Mkandarasi alisema nondo zimepanda bei.
Wizara ikasema mkataba ni mkataba.
Barua ikazaa barua.
Wakaenda mahakamani Chake, kisha Unguja,
miaka minne,
nguzo zimesimama na nondo vichwani
kama nywele zisizochanwa,
mbuzi wanazalia darasa la tatu.
Siku geti linafungwa, watu kumi na mmoja
walikuwa wameandikwa kwangu.
Faki Shaame: chai na chapati mbili, mara arubaini.
Hukumu ilipotoka, jina langu halikutajwa.

Ndipo hapa nikaona kitu kigeni.
Kabla jiwe la kwanza halijakaa,
kabla mtu hajamkunjia mwenzake uso,
walikuja watatu:
Mkasi, mhandisi, viatu vyake vimekula udongo kuliko vya mafundi;
Ngwali, mkadiria majenzi, chai yake haina sukari;
na wakili, Bimkubwa Abeid, auliza kila jambo mara mbili.
Kila miezi mitatu wakarudi.
Hapana ugomvi, wanakuja.
Wanachungulia mashimo, wanasoma kumbukumbu za saiti,
kisha wanakula kwangu.
Vijana wakawaita Mafiga.

Nassib wa Wizara alinung'unika, mdomo umejaa muhogo:
"Tunawalipa watu waje watazame amani?"
Sikumjibu, nilikuwa nahesabu chenji.
Moyoni nilisema: figa la tatu hulitafuti
chungu kikishamwagika.

Mwezi wa saba, shimo la nguzo ya kumi na nne
likameza zege.
Gari la kwanza, la pili, la tatu, wala halijai,
kama mtoto mwenye minyoo.
Machano, mkandarasi, akaitupa kofia:
"Pango hili halimo kwenye ramani!"
Na Nassib: "Umezaliwa Pemba, hukuyajua mawe yake?"
Nikatoa daftari, nikaanza kujumlisha.
Njia hiyo nilishaipita.

Lakini Mkasi alikuwa ameliona.
Mwezi wa nne, shimo la tisa, alitia mkono ufani,
akahisi baridi inapumua kutoka chini,
akasema mbele ya wote wawili: andikeni.
Na waliandika. Sahihi ya Nassib, sahihi ya Machano,
doa la mchuzi wangu pembeni.
Hapakubaki wa kuapa kuwa hakujua.

Wahenga walituambia tuzibe ufa;
hawakusema nani alipe saruji.
Mafiga walikaa siku mbili chini ya turubai, wakasema:
Machano aongezewe siku;
gari la kwanza ni lake, alimimina bila kupima;
mengine, Wizara.
Asiyeridhika, mahakama ipo, haijahama,
ila kazi isisimame.

Machano hakuridhika. Nilimwona akitema mate.
Nassib naye alikwenda bila kuaga.
Jumatatu mashine ya zege ikanguruma,
Ijumaa watu wakalipa.

Mwisho wa mwaka walikuja, hapana kesi.
Bimkubwa aliuliza, mara mbili,
mlango wa choo cha wajawazito mbona unafungukia ndani.
Ukageuzwa.
Hilo nalo, Konde, lingekuwa barua kumi.

Daftari la kule bado ninalo, chini ya ndoo ya unga.
Faki nasikia yuko Tanga, anapaka rangi.
Simdai. Lakini ukurasa wake sijauchana.
Siku moja nitampa Mkasi
atie mkono.